Jiwe Chini ya Mchi: Maisha na Kazi ya Pierre Louis Antoine Cordier (1777–1861) na Usomaji wa Miamba ya Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanaeleza maisha na kazi ya Pierre Louis Antoine Cordier, mwanajiolojia na mwanamadini wa Kifaransa. Mwaka 1815 Cordier alionyesha kwamba miamba ya volkano ambayo kwa macho huonekana kuwa kitu kimoja ni mchanganyiko wa madini kadhaa, na kwamba madini hayo yanaweza kutenganishwa kwa kinu, maji, sumaku na hadubini. Hoja kuu ya makala ni kwamba thamani ya Cordier kwa msomaji wa Afrika Mashariki haimo katika majibu yake, ambayo baadhi yamekwisha kukosolewa, bali katika utaratibu wake wa kutenganisha kitu kabla ya kukipa jina. Utaratibu huo unapimwa kwa mawe mawili meusi, moja la Jinja na jingine la Mlima Elgon juu ya Mbale. Mwishoni inaelezwa kwamba utaratibu huo hauwezi kufundishwa kwa Kiswahili iwapo maneno jiwe, mwamba, madini na mbale yanatumiwa kana kwamba ni visawe.

1.0 Utangulizi

Mji wa Jinja una jina la jiwe. Katika lugha za watu wanaoishi kandokando ya mto Nile mahali hapo, neno hilo lina maana ya jiwe au mwamba, na miamba iliyowapa watu sababu ya jina hilo ndiyo iliyozuia maji ya Ziwa Viktoria kwa muda mrefu kabla ya bwawa kujengwa. Mji wa Mbale, ulio kaskazini mashariki ya Jinja, unakaa chini ya Wanale, mkono wa Mlima Elgon unaoinuka kama ukuta juu ya nyumba na masoko. Mmoja ni mji wa mto na mwingine ni mji wa mlima, lakini yote miwili imejengwa juu ya mawe na kwa mawe.

Katika sehemu hizo kupondaponda mawe ni kazi ya kila siku. Wanawake na vijana huketi kando ya machimbo, nyundo mkononi, wakivunja mawe na kuyapanga kokoto kwa ukubwa wake. Huko Busia, karibu na mpaka wa Kenya, wachimbaji wadogo husaga mawe yenye dhahabu na kuyaosha kwenye karai. Watu hawa wanalijua jiwe kwa mikono. Wanajua lipi hupasuka upesi na lipi huharibu nyundo. Jambo ambalo mara nyingi hubaki mikononi mwa wengine ni jibu la swali dogo: ndani ya jiwe hili mna nini?

Swali hilo ndilo lililoshughulisha maisha ya Cordier, naye alianza kulijibu kwa chombo ambacho kila nyumba ya Afrika Mashariki inakifahamu, yaani kinu na mchi wake. Makala haya yanaanza na maisha yake, yanaeleza mbinu yake na mipaka yake, kisha yanaileta mbinu hiyo Jinja na Mbale.

2.0 Kutoka Abbeville hadi Delta ya Nile

Cordier alizaliwa Abbeville, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 31 Machi 1777. Alikua katika miaka ya mapinduzi, wakati serikali mpya ilipohitaji wahandisi wa migodi, naye akapata mafunzo hayo mjini Paris. Mwalimu aliyemwongoza zaidi alikuwa Déodat de Dolomieu, mchunguzi mashuhuri wa milima na volkano, ambaye jina lake limebaki katika mwamba wa dolomiti. Chini ya Dolomieu kijana huyo alijifunza kwamba jiolojia huanza kwa miguu: mtu hupanda, hukata kipande, hukibeba, ndipo huandika.

Mwaka 1798 Napoléon Bonaparte alipovamia Misri alifuatana na kundi kubwa la wataalamu, na miongoni mwao walikuwamo Dolomieu na Cordier. Hivyo mwanajiolojia huyu alianza kazi yake ya ugenini katika bara la Afrika, kwenye mdomo wa mto ambao chanzo chake Jinja hakikuwa kimejulikana na Mzungu yeyote. Cordier alitembelea magofu ya Tanis katika Delta, na maelezo yake kuhusu magofu hayo yaliingizwa katika kitabu kikubwa cha Wafaransa juu ya Misri. Tope alilolikanyaga huko lina historia inayostahili kukumbukwa. Sehemu yake kubwa haikutoka Ziwa Viktoria, kwa kuwa maziwa na mabwawa ya Sudi huyachuja maji ya Nile Nyeupe. Ilitoka nyanda za juu za Ethiopia, ambako mito humomonyoa miamba ya volkano. Kijana ambaye baadaye angeusaga mwamba wa volkano kwa mchi alikuwa amesimama juu ya miamba ya namna hiyo iliyokwisha kusagwa na mto.

Kurudi kulikuwa kugumu. Mwaka 1799 Dolomieu na Cordier waliondoka Misri kwa meli moja na Jenerali Alexandre Dumas, mtoto wa mama Mwafrika aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Saint-Domingue, ambaye mwanawe alikuja kuwa mwandishi maarufu wa riwaya. Meli ilishindwa na bahari ikaingia bandari ya Taranto, kusini mwa Italia, wakati Ufaransa na watawala wa huko walikuwa maadui. Abiria wakatiwa nguvuni. Cordier aliachiliwa mapema, lakini Dolomieu alifungwa Messina muda mrefu katika hali mbaya. Alitoka gerezani mwaka 1801 na kufariki mwaka huohuo. Cordier, akiwa na umri wa miaka 24, akabaki na deni la mwanafunzi kwa mwalimu wake: swali la miamba ya volkano ambalo Dolomieu hakuwahi kulimaliza.

Mwaka 1803 alikwenda Visiwa vya Kanari na kupanda volkano ya Teide katika kisiwa cha Tenerife. Baadaye alifanya kazi kama mhandisi wa migodi wa serikali. Mwaka 1809 alichunguza fuwele za samawati zinazobadili rangi kadiri zinavyogeuzwa mbele ya mwanga, akaziita dikroiti, yaani zenye rangi mbili. Miaka michache baadaye madini hayo yalipewa jina la kodieriti kwa heshima yake. Vito vya aina hiyo hupatikana hata Tanzania na Kenya, na mnunuzi anayevigeuzageuza juani ili aone samawati ikififia anarudia, pasipo kujua, jaribio la mhandisi huyo.

3.0 Tatizo la jiwe jeusi

Ili kuelewa uzito wa kazi ya Cordier ni lazima kukumbuka mgogoro uliowagawa wanajiolojia wa zama zake. Mgogoro huo ulihusu bazalti, jiwe jeusi, zito, lenye chembe ndogo mno kuonekana kwa macho. Wafuasi wa Abraham Gottlob Werner wa Freiberg, Ujerumani, walishikilia kwamba bazalti iliwekwa na maji ya bahari ya kale. Wengine, hasa waliozunguka katika milima ya Auvergne nchini Ufaransa, walisema kwamba ni zao la moto wa volkano. Kila upande ulikuwa na ramani zake na mifano yake.

Chanzo kimoja cha ubishi kilikuwa macho yenyewe. Kwenye granite mtu anaweza kuona chembe nyeupe, nyekundu na nyeusi, na akakubali bila shida kwamba jiwe hilo ni mchanganyiko. Lakini bazalti haionyeshi chembe zake. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba ni dutu moja, kama chuma au kama chumvi, na mtu akishadhani hivyo hutafuta jina moja na asili moja ya dutu hiyo. Wataalamu waliipanga miamba hiyo kwa rangi, kwa ugumu na kwa namna inavyopasuka, na kila mmoja akapata orodha yake.

Dolomieu na Fleuriau de Bellevue walikuwa wamekwisha kushuku kwamba ndani ya jiwe hilo jeusi mna madini zaidi ya moja. Shaka hiyo ilihitaji mtu wa kuithibitisha.

4.0 Kinu, maji, sumaku na hadubini

Mwaka 1815 Cordier alisoma mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris taarifa iliyochapishwa mwaka uliofuata, kuhusu dutu zinazounda msingi wa miamba ya volkano. Mbinu aliyoieleza inaweza kufuatwa na mwanafunzi yeyote makini.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuliponda jiwe hadi liwe unga, lakini unga ambao chembe zake bado ni kubwa kiasi cha kuweza kutambulika moja moja. Jiwe likipondwa kidogo mno, chembe hubaki zimeshikana. Likipondwa mno, huwa vumbi lisilosema kitu. Hatua ya pili ilikuwa kuuosha unga huo majini. Chembe nzito hutua upesi na nyepesi hubaki zikielea kwa muda, kama vile mpishi anavyouchezesha mchele majini ili mawe yabaki chini ya bakuli. Kwa kuosha na kumwaga mara kwa mara, Cordier alipata mafungu ya chembe zinazokaribiana kwa uzito. Hatua ya tatu ilikuwa kupitisha sumaku ili kuvuta chembe zenye chuma.

Hatua ya nne ndiyo iliyokuwa moyo wa kazi. Cordier alichukua madini makubwa yanayofahamika, ambayo jina lake halikuwa na ubishi, akayaponda vivyo hivyo. Kisha akaweka chembe za jiwe lisilojulikana na chembe za madini yanayojulikana chini ya hadubini, akazilinganisha kwa rangi, umbo, uangavu na namna ya kupasuka. Palipobaki shaka, alizipima kwa asidi au kwa ndimi za moto zilizopulizwa kwa mrija, aone zipi huyeyuka na zipi hukataa.

Matokeo yalikuwa wazi. Bazalti na lava alizozichunguza, za zama mbalimbali na za nchi mbalimbali, hazikuwa dutu moja. Zilikuwa na madini machache yanayojirudia: felspa, piroksini, olivini na madini ya chuma yenye titani, pamoja na mengine kwa kadiri ya mahali. Tena, bazalti ya kale iliyobishaniwa ilionyesha viambajengo vilevile vilivyomo katika lava ambayo watu walikuwa wameiona ikitiririka kutoka mlimani. Hoja ya moto ikapata ushahidi kutoka ndani ya jiwe lenyewe.

Mbinu hii ilikuwa na kasoro yake. Jiwe likishapondwa hupoteza mpangilio wake, na mchunguzi hawezi tena kujua ni chembe gani iliyokaa kando ya nyingine wala ipi ilitangulia kuganda. Kasoro hiyo iliondolewa baadaye, baada ya Mwingereza Henry Clifton Sorby kuonyesha, mwaka 1858, faida ya kukata jiwe kipande chembamba kinachopenyeza mwanga na kukitazama kwa hadubini bila kulivunja. Wafaransa Ferdinand Fouqué na Auguste Michel-Lévy waliiendeleza njia hiyo kwa ufanisi mkubwa katika kitabu chao cha 1879. Hata hivyo, Sorby na waliomfuata walikuwa wakijibu swali ambalo Cordier alikuwa amekwisha kulithibitisha kuwa na jibu.

Mwaka 1819 Cordier alipewa kiti cha jiolojia katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili mjini Paris, na mwaka 1822 akaingia Akademia ya Sayansi. Alifundisha hapo hadi kufa kwake, tarehe 30 Machi 1861, siku moja kabla ya kutimiza miaka 84. Mpangilio wake wa miamba, alioueleza darasani kwa miaka mingi, ulichapishwa na Charles d'Orbigny mwaka 1868, miaka saba baada ya mazishi yake. Mwaka uliofuata kifo chake, tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko ya Jinja na kuyaita Ripon, na mto aliouanza Cordier mdomoni ukapata kuandikwa chanzo chake katika ramani za Ulaya.

5.0 Joto la ndani: jibu lililokosolewa

Kazi ya pili iliyomjengea jina ilitolewa mwaka 1827, nayo ilihusu joto la ndani ya dunia. Wachimbaji wa migodi walijua tangu zamani kwamba chini kuna joto, lakini wapinzani walidai kwamba joto hilo hutokana na taa, baruti na miili ya wafanyakazi. Cordier alishuka katika migodi ya makaa ya mawe ya Carmaux, Littry na Decize, na badala ya kupima hewa au maji, alipima joto la mwamba wenyewe katika mashimo yaliyotobolewa kwenye uso uliokatwa upya. Aliona kwamba joto huongezeka kadiri mtu anavyoshuka, kwamba ongezeko halilingani kila mahali, na kwamba kwa makadirio ni digrii 1 ya Selsiasi kwa kila meta 25 hivi. Makadirio ya leo ya wastani ni digrii 25 hadi 30 kwa kila kilometa, kwa hiyo namba yake ilikuwa ya juu kidogo, ingawa haikuwa mbali.

Tatizo lilikuwa katika hitimisho. Cordier aliendeleza ongezeko hilo kwenda chini bila kukoma, akaona kwamba kwenye kina cha wastani kisichozidi kilometa 100 miamba yote lazima iwe imeyeyuka, na kwamba dunia ni bahari ya moto iliyofunikwa na ganda jembamba. Volkano, kwa mtazamo huo, ni matundu katika ganda. Mwingereza William Hopkins alipinga mapema, na katika karne ya 20 mawimbi ya matetemeko ya ardhi yalimaliza shauri. Sehemu kubwa ya ndani ya dunia ni ngumu, ingawa ni ya moto sana. Sehemu ya kimiminika iko mbali chini, katika kiini cha nje. Miamba huyeyuka mahali maalumu tu, kwa mfano pale mgandamizo unapopungua chini ya Bonde la Ufa.

Kukosea huko kuna funzo. Katika kazi ya 1815 Cordier alilinganisha kisichojulikana na kinachojulikana, hatua kwa hatua. Katika kazi ya 1827 vipimo vyake vilikuwa vya kuaminika, lakini alivitumia kusemea kina ambacho hakuna kipimo chake kilichokifikia. Sehemu iliyodumu ni ile iliyopimwa: joto hutofautiana mahali na mahali, na tofauti hiyo ni mali. Kituo cha umeme wa jotoardhi cha Olkaria nchini Kenya, kilichoanza kuzalisha mwaka 1981, kinaishi kwa tofauti hiyo. Elgon, kwa upande wake, ni volkano ya kale ambayo haijaunguruma kwa mamilioni ya miaka, na ukubwa wake hautoshi kuthibitisha kwamba chini yake bado kuna moto.

6.0 Mawe mawili meusi

Mbinu ya Cordier inaweza kupimwa katika eneo linalohusika hapa. Mtu akiokota jiwe jeusi karibu na mto huko Jinja na jingine jeusi kwenye miteremko ya Elgon juu ya Mbale, akayaosha na kuyaweka mezani, huenda akayaona kuwa ndugu. Yote mawili ni mazito, meusi au ya kijivujivu, na chembe nyingi hazionekani. Kumbe yametengana kwa asili na kwa umri.

Miamba migumu ya Jinja ni ya kale mno, na sehemu yake ni amfiboliti, yaani mwamba uliogeuzwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi hadi ukajaa madini ya amfiboli. Ugumu huo ndio uliofanya maporomoko ya Ripon yawe kizingiti cha asili cha Ziwa Viktoria, na miamba hiyo ndiyo iliyobeba bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Jiwe la Elgon ni la volkano. Mlima huo, wenye urefu wa meta 4,321, umejengwa zaidi kwa majivu na vipande vya miamba vilivyorushwa na kushikamana, pamoja na lava, ambazo nyingi ni nefeliniti, mwamba wenye piroksini na nefelini.

Mchi utayatenganisha. Amfiboli hupasuka kwenye mipasuko inayokutana kwa pembe za karibu digrii 56 na 124, ilhali mipasuko ya piroksini hukutana kwa pembe inayokaribia digrii 90. Kwa hiyo chini ya hadubini ya shule vipande vya jiwe la kwanza huelekea kuwa virefu na vyembamba kama vijiti, na vya la pili vifupi na vinene. Kisha kuna nefelini. Mwanamadini mwingine wa Kifaransa, René Just Haüy, ndiye aliyeipa jina hilo mwanzoni mwa karne ya 19 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wingu, kwa sababu chembe zake angavu hupata ukungu zikitiwa katika asidi kali. Mwalimu mwenye asidi kidogo ya maabara anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake wingu hilo ndani ya chembe iliyotoka katika mlima wanaouona dirishani.

Wingu hilo si mchezo wa darasani tu. Madini yanayoshindwa upesi na asidi ni yaleyale yanayoshindwa upesi na mvua. Nefelini na majivu ya volkano huoza kwa haraka kuliko kiasi kikubwa cha madini mengine, na mabaki yake huwa udongo wa mfinyanzi. Kuoza huko ndiko kulikoupa mlima udongo wenye rutuba unaootesha kahawa na ndizi. Kuoza hukohuko huacha tabaka nene la mfinyanzi kwenye miteremko mikali. Mvua kubwa ikidumu, maji huingia na kusimama ndani ya udongo, uzito huongezeka, na mteremko uliokatwa kwa ajili ya nyumba au uliokwisha kupoteza miti hukosa cha kuushikilia. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, na kuangamiza mamia ya watu. Maporomoko mengine yamefuata, yakiwamo ya Oktoba 2018.

Mchi wa Cordier hauwezi kuuzuia mlima usiporomoke. Unachoweza kufanya ni kuondoa fumbo. Mkulima anayeambiwa tu kwamba mahali pake ni pa hatari huona mbele yake udongo mzuri uliomlisha baba na babu, naye ana sababu ya kutokuhama. Mkulima anayeonyeshwa kwamba udongo mzuri na udongo unaoteleza ni kitu kimoja, zao la chembe moja, anapewa swali analoweza kulifuatilia kwa jembe lake: tabaka hili lina kina gani, na maji husimama wapi?

7.0 Jiwe, mwamba, madini, mbale

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima shuleni. Iwapo lugha hiyo itakuja kubeba masomo ya sayansi katika madarasa ya Jinja na Mbale, haina budi kuweza kusema alichokisema Cordier. Lakini sentensi yake kuu, kwamba mwamba ni mchanganyiko wa madini, haisomeki ikiwa maneno yake mawili yana maana moja.

Neno madini limebeba mzigo mkubwa. Asili yake ni Kiarabu, ambako hutaja mgodi na pia kinachotoka mgodini. Katika Kiswahili cha leo dhahabu ni madini, jiwe lenye dhahabu ni madini, tanzaniti ni madini, na katika vitabu vya lishe hata chuma kilichomo katika mchicha ni madini. Matumizi hayo hayana kosa sokoni. Darasani huleta ukungu.

Msamiati wa kuondolea ukungu huo upo tayari, na kinachohitajika ni nidhamu ya matumizi. Jiwe ni kipande kinachoshikika. Mwamba ni mwili mzima wa ardhi ngumu ambao jiwe limetoka. Madini ni dutu ya asili yenye muundo wake maalumu, kama nefelini au amfiboli. Mbale, neno ambalo wachimbaji wa Tanzania hulitumia kila siku wanaposema mbale za dhahabu, ni mwamba wenye kitu cha thamani kiasi cha kulipa gharama ya kuuchimba. Metali ni kile kinachopatikana baada ya tanuri. Makala haya hayadai uhusiano wowote kati ya neno mbale na asili ya jina la mji. Yanasema tu kwamba mwalimu wa huko ana bahati ya kuwa na istilahi isiyosahaulika.

Nguvu ya maneno hayo huonekana yakipangwa katika mnyororo mmoja. Huko Kilembe, magharibi mwa Uganda, mwamba wenye shaba ulichimbwa kuwa mbale, mbale ikasagwa, madini ya chalkopiriti yakatenganishwa na uchafu, na makinikia yaliyopatikana yakasafirishwa kwa reli, kuanzia miaka ya 1950, hadi Jinja, ambako tanuri lililotumia umeme wa Owen Falls liliyageuza kuwa metali ya shaba. Anayetumia neno moja kwa hatua zote hizo hawezi kueleza thamani iliongezeka wapi. Vivyo hivyo Sukulu, karibu na Tororo, udongo mmoja una apatiti ambayo ni mbolea, magnetiti inayovutwa na sumaku, na madini mengine adimu.

Kwamba jambo hili si la wataalamu peke yao lilidhihirika Tanzania mwaka 2017, serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia kwenda nje na kuunda kamati za kuyachunguza. Nchi nzima, kwenye mabasi na vijiweni, ilijadili kwa Kiswahili kilichomo ndani ya makontena. Wengi walikuwa wakisema mchanga wa dhahabu. Mchanga ni jina la kile kinachoonekana kwa macho, kama vile jiwe jeusi. Neno makinikia lilipoenea, mjadala ulipata mahali pa kusimamia, kwa sababu neno hilo linakumbusha kwamba kitu kilikwisha kusagwa na kutenganishwa, na kwa hiyo kinaweza kuulizwa: ni nini kimebaki, na kwa kiasi gani?

8.0 Hitimisho

Cordier aliishi miaka 84 kasoro siku moja, akapata vyeo vya serikali na jina katika fuwele ya samawati. Alikosea kuhusu bahari ya moto chini ya miguu yetu. Alipopatia ni pale alipokataa kuamini umoja wa jiwe jeusi kabla ya kulivunja, kuliosha na kulilinganisha na kile alichokwisha kukijua.

Vifaa vya kazi hiyo havipo mbali na shule za Jinja na Mbale. Kinu kipo, maji yapo, sumaku hutolewa katika spika iliyoharibika, na mawe yenyewe yametapakaa mtoni na mlimani. Kinachopungua ni lensi, kiasi kidogo cha asidi chini ya uangalizi wa mwalimu, na maneno manne yanayotumiwa kila moja mahali pake. Mwanafunzi akisha kuyapata, mama anayeponda kokoto kando ya barabara na mwanajiolojia aliye maabara watakuwa wamekaribiana kwa hatua moja, kwa maana wote wawili watakuwa wakivunja jiwe na wote wawili wataweza kusema lina nini.